Masale Niliyoyahamisha kwa Penseli

Huwa nachora nikiwa nimechoka. Nikiwa na nguvu nashona, maana kushona ndiko kunakonilisha. Penseli naishika mgongo ukishagoma, pale ninaposukuma kiti nyuma, nakunja shati la shule ambalo bado halina kola nalifanya mto, halafu nafungua kaunta buku. Wala si daftari la wachoraji. Ni kaunta buku la kawaida lenye mistari, lile lile ninaloandikia vipimo vya wateja, kwa hiyo mlima wangu siku zote una mistari ya bluu tumboni, na mama yangu ana mistari usoni hata katika picha za zamani alipokuwa hajaanza kukunjamana.

Sijafundishwa na mtu. Shuleni mwalimu alituchoresha chungu mwaka mzima, chungu na kivuli chake, mpaka nikavichukia vyungu. Haya mengine nimejifunza kwenye cherehani. Fundi anautazama mwili wa mtu kwa makini kuliko daktari: bega gani limeshuka, kiuno kiko wapi, na mwenyewe anadhani kiko wapi. Akishaona, anasaidia. Mshono unasogezwa vidole viwili, mteja anajitazama kwenye kioo anafurahi, na hakuna anayelalamika kwamba kadanganywa. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Vyumba vyangu viwili viko mjini, Shirimatunda, cherehani iko chumba cha mbele. Ndoa yangu iliisha mapema na sina hamu ya kuisimulia. Binti yangu mmoja yuko Dodoma na maisha yake. Kila Jumamosi, inyeshe isinyeshe, nilikuwa napanda Kilema, kijijini kwetu mlimani, kumwona mama. Kumwona ni neno la adabu tu. Nilikuwa napanda kufua mashuka yake, kumwogesha, kumkata kucha, kumpikia mtori wa ndizi wa siku mbili na kubishana na wifi yangu kuhusu dawa za magoti, kisha Jumapili baada ya Misa nashuka na mkungu wa ndizi ambao sikuuomba. Jumatatu asubuhi mzazi wa mwanafunzi anagonga mlango, eti sare ziko wapi. Miaka kumi nimekwenda hivyo. Nikiulizwa habari nasema nzuri, kwa sababu jibu refu nalo linachosha.

Siku zilizobaki za wiki mama alikuwa mikononi mwa mdogo wangu wa kiume. Kwetu Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na pamoja na hivyo anamrithi mzazi aliyebaki hai. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, lakini ni mwanamke, kwa hiyo katika kihamba kile nina haki ya kufagia. Sisemi kwa uchungu. Haya, nasema kwa uchungu kidogo. Lakini tusimwonee mdogo wangu: magoti ya mama yalipokufa kabisa, ni yeye aliyekuwa akimbeba mgongoni kumpeleka msalani, asubuhi na jioni, na sijawahi kumsikia akinung'unika mbele ya mama.

Basi mimi nilichora. Nilichora miguu ya mama ndani ya beseni. Nilichora jani la mgomba lililochanwa na upepo, wifi yangu amekaa kwenye kigoda akichagua maharage, mfereji wa maji unavyopinda nyuma ya jiko. Mlima sikuuchora sana. Kila mtu anauchora, uko kwenye fulana na kwenye makopo, na mara nyingi ukiutazama kutoka kwetu huoni kitu ila mawingu. Nilipenda vitu vidogo ambavyo hakuna mtu angenigombeza nikivichukua. Ardhi sikupewa, basi angalau nilishuka nayo kwenye kaunta buku.

Picha iliyoleta balaa niliichora zamani, baba mdogo alipokuwa bado hai. Baba mdogo alikuwa ni mdogo wake marehemu baba, na kihamba chake kimepakana na chetu. Mpaka kati ya vihamba hivyo viwili ulikuwa ni masale, ile mimea yenye majani marefu tunayoipanda mipakani na makaburini. Mtu akisimama uani kwetu akitazama kwa baba mdogo, aliona kwanza masale, halafu nyuma ya masale mparachichi mkubwa, halafu nyumba yao. Maana yake mparachichi ulikuwa wao. Hakuna aliyekuwa akibishana juu ya hilo. Maparachichi tulikula wote.

Siku hiyo mama alikuwa amekaa uani akimenya ndizi, kanga begani, sufuria lake la sikio moja mbele yake. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikaanza kumchora. Alitoka vizuri ajabu. Mpaka ile namna yake ya kubana mdomo upande mmoja akimenya, ilitoka. Tatizo lilikuwa masale. Yalisimama nyuma yake kabisa, na kila nilipoyachora majani yalimtokea kichwani kama manyoya ya jogoo. Nikafuta. Nikachora tena, manyoya yakarudi. Mwishowe nikafanya kama ninavyofanya kwenye mshono: nikayasogeza. Nikayaweka mbali, upande wa pili wa mparachichi, na mti wenyewe nikauleta karibu umpe mama kivuli. Picha ikatulia. Nikaandika tarehe pembeni, nikaichana kwenye daftari, na Krismasi nikampa mama zawadi. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeitengenezea fremu, ikatundikwa sebuleni karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Hakuna aliyesema neno juu ya masale. Nani anayatazama masale?

Baba mdogo akafariki. Mjane wake, mama mdogo wangu, alibaki peke yake, watoto hawakujaliwa. Wanawake wa jumuiya ya kanisani wakamchangia ndama jike, naye akajenga banda la ng'ombe palepale chini ya mparachichi, kati ya mti na masale. Ng'ombe yule ndiye aliyemweka mjini, kama wasemavyo vijana, ingawa mjini hakuenda. Maziwa aliuza, mbolea aliweka kwenye migomba, na jioni alizungumza naye kwa Kichagga habari za siku nzima. Nimemchora ng'ombe huyo mara nyingi. Ana uso wa mtu aliyesikia mengi.

Halafu mdogo wangu akaanza kujenga nyumba mpya, ya tofali, nyuma ya ile ya zamani. Lori la mawe likawa linapita mpakani. Likirudi nyuma linakanyaga masale, likienda mbele linakanyaga mengine, masika yakamalizia kwa kubomoa ule ukingo wa udongo. Mpaka mvua zinaisha, hapakuwa na isale hata moja lililosimama. Siwezi kuapa kwamba alikusudia. Naweza kuapa kwamba hakuharakisha kupanda mengine.

Njia ya gari kwenda kwenye nyumba mpya ilihitaji upana. Mdogo wangu akapima, akapima tena, akaingia sebuleni kunywa chai, akainua macho ukutani. Wifi yangu ndiye aliyenihadithia. Anasema alikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Kumbe mti ni wetu."

Jamani. Picha yangu. Tarehe ipo, mama yupo, mparachichi upo upande wetu, masale yako ng'ambo yake. Banda halionekani, kwa sababu lilikuwa bado halijajengwa. Kwa mtu asiyejua, jambo liko wazi: mjane amejenga banda ndani ya kihamba cha watu.

Mama mdogo alikuja Shirimatunda siku ya Jumanne, na chupa ya maziwa ndani ya kikapu. Nilishtuka, maana huwa hashuki mjini ila kwa hospitali.

"Shikamoo mama mdogo. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna mgonjwa. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja tu, nirudi nikakamue." Hakutaka hata kukaa. "Ile picha ya mama yako. Siku ile ulikuwa umekaa wapi?"

"Kwenye ngazi ya jikoni."

Nikamwona kabisa akikaa kwenye ile ngazi kwa akili yake na kutazama. "Ukiwa kwenye ngazi," alisema, "masale yanakuwa mbele ya mti."

"Yalikuwa mbele, mama mdogo. Niliyasogeza ili picha ipendeze."

Hakunikasirikia. Bora angenikasirikia. Alishusha pumzi, akaniwekea maziwa mezani kati ya vipande vya sare, akasema, "Basi utawaambia wazee. Krismasi wanakuja wote kuamua mpaka. Nikivunja lile banda sina pengine pa kulijenga, kule kwingine ni mteremko mtupu. Itabidi nimuuze. Na mimi mtu wa kuongea naye nimebaki na huyo."

Nikamjibu nitawaambia. Ilikuwa rahisi kusema, kwa sababu alikuwa mbele yangu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda nikiwa nimejipanga kumaliza jambo lile kimyakimya, dada na mdogo wake. Nilimkuta mdogo wangu anachanganya zege. Nikamweleza, picha si ramani, nilisogeza. Akanisikiliza mpaka mwisho huku anageuza koleo.

"Dada, hakuna mtu aliyekuuliza ulisogeza nini. Wazee wakikuuliza ni wewe uliyechora, utasema ndiyo. Basi. Huo si uongo."

"Wakiniuliza masale yalikuwa wapi?"

"Useme umesahau. Mama mwenyewe amesahau." Akachomeka koleo kwenye mchanga. "Mimi nakaa na mama kila siku ya Mungu. Wewe unakuja siku moja unachora, unaondoka. Sijawahi kukudai kitu. Sasa nimejenga, gari halifiki mlangoni, mama akizidiwa tunambeba kwenye tope mpaka barabarani. Ukinigeuka mbele ya ukoo, sawa, lakini mama utamchukua ukakae naye wewe. Mimi nimechoka."

Neno hilo la mwisho lilinipata, kwa sababu lilikuwa la kweli, na nilidhani ni langu peke yangu.

Mama alikuwa na sala moja tu miaka ile, na sisi sote tuliijua. Alitaka kufia nyumbani. Hospitali hapana, mjini hapana, kwa binti hapana. Aliingia kwenye kihamba kile akiwa bibi harusi, na alisema atatoka pale hadi kwenye kaburi lililo karibu na la baba, hatua ishirini, asiandikiwe safari nyingine. Nilikuwa nikimsugua mgongo Jumamosi zile zilizobaki huku nikijiambia: ukisema, unamtoa. Usiposema, yule mjane anauza ng'ombe wake. Nilitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikauma. Nikasali ili wazee wasahau kuniita. Mungu wangu, sala za mtu mzima wakati mwingine ni za aibu.

Hawakusahau. Siku ya pili ya Krismasi, baada ya Misa, ukoo ulikaa uani kwetu. Waliotoka Dar walikuwepo na magari yao yamefunga njia, wazee watano wamekaa kwenye mabenchi, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazungushwa kwenye kata. Mama aliletwa akakalishwa kwenye kiti chenye mto. Picha ilikuwa imeshushwa ukutani, ikawa inapita mkono kwa mkono.

Sijawahi kusifiwa maishani mwangu kama siku hiyo. "Ni yeye kabisa! Hebu ona mdomo." "Na sufuria lina sikio moja, lile pale jikoni lipo mpaka leo." "Hata kanga ni ile aliyovaa msibani." Miaka yote nachora peke yangu kwenye kaunta buku, hakuna aliyeniambia najua, na siku wanaponiambia ndiyo hii. Kila walipokuta kitu cha kweli kwenye ile karatasi, banda la mama mdogo lilizidi kubomoka. Ningekuwa mchoraji mbaya nisingekuwa na shida.

Mzee aliyeongoza kikao alianza na mama, kwa heshima. Alimwuliza kwa Kichagga, halafu kwa Kiswahili ili wake walioolewa kutoka mbali waelewe: mama, wewe ndiye umekaa hapa kuliko wote, masale yalikuwa upande gani wa mti?

Mama alitazama mikono yake. "Macho yangu hayaoni tena vizuri," alisema, "na kumbukumbu nazo zimekwenda. Waulizeni watoto."

Mzee akanigeukia. "Binti yetu, hii ni kazi ya mkono wako?"

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Ni kazi ya mkono wangu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, mikono miwili juu ya egemeo. Hapo ndipo ningeweza kukaa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza zaidi. Nilimtazama mama mdogo, amekaa pembeni kwenye gunia na wanawake wengine, hakunitazama kabisa, alikuwa anatazama upande wa banda kama mtu anayesikiliza kama ng'ombe amelia.

"Lakini masale si kweli," nikasema. "Yalikuwa huku, upande wetu wa mti. Mimi niliyahamishia kule."

"Ulihamisha kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa penseli, mzee. Kwenye karatasi. Majani yalikuwa yanamtokea mama kichwani, picha ilikuwa mbaya."

Vijana wa Dar waliangua kicheko. Mzee mmoja akasema, loo, kumbe tungegawa ardhi kwa sababu ya kichwa cha shemeji. Wakacheka na wazee. Nilisimama pale uso unaniwaka, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, napigwa na kicheko mbele ya ukoo mzima kwa kosa la kupenda picha ipendeze. Aliyeongoza aliponyamazisha watu, aliniuliza kwa upole kama niko tayari kula kiapo. Nikasema niko tayari. Akatazama picha tena kwa muda mrefu, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, akaifunika juu ya benchi.

Masale yakapandwa upya siku hiyohiyo, mbele ya watu wote, upande wetu wa mti. Mdogo wangu alishika jembe mwenyewe kwa sababu ndivyo mila inavyotaka. Hakunitazama.

Kwetu, ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea mkononi. Akilipokea amekusamehe. Na kulikataa, sijawahi kuona mtu akikataa, hata maadui. Kesho yake asubuhi nilichuma jani kwenye kaburi la baba nikamfuata mdogo wangu kwenye jengo lake. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikanyoosha mkono tu.

Alilitazama lile jani. Akajifuta vumbi la saruji kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akalichomeka mfukoni mwa shati.

"Nimekusamehe, dada," alisema. "Mama utamchukua lini?"

Nilimchukua mwezi wa kwanza. Tulikodi gari, Noah, mdogo wangu akambeba mgongoni kwa mara ya mwisho mpaka garini, akamfunga mkanda taratibu, akakaa chini ya mgomba akalia. Ndiyo, alilia, nimeona kwa macho yangu, na bado hakubadilisha neno lake. Mama mdogo alikuja na maziwa, akamshika mama mkono dirishani. Walizungumza kwa Kichagga, chini chini, maneno ambayo sikuyapata. Mama hakuuliza kwa nini anaondoka. Hakuna aliyemweleza pia. Tuliogopa.

Shirimatunda ina joto mwezi wa kwanza, na vumbi linaingia hata ukifunga. Mama anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mimi niko nyuma yake nashona, sasa Jumamosi imekuwa kila siku. Namwamsha, namwogesha, namlisha, nashona, namgeuza, nashona. Ndizi nazinunua sokoni. Anazibonyeza kwa kidole, anauliza zimekatwa lini, halafu anakula bila kulalamika. Kutolalamika kwake kunanimaliza kuliko kelele zote za wateja. Nimejaribu kumchora mara nne tangu aje. Nyuma yake kuna ukuta wa tofali tu, hakuna kitu cha kumsogezea, na bado picha hazitoki. Mdomo haubani tena upande mmoja. Hana cha kumenya.

Jana mchana mama mdogo alipiga simu. Ng'ombe amezaa, ndama dume, hajambo. Na masale yameshika yote, yametoa majani mapya. Nilikuwa namkata mama kucha za miguu, beseni liko kati yetu. Nikamweleza habari kama zilivyo, nikadhani atafurahia ndama.

"Yameshika?" alisema. "Yale ya upande wetu wa mti?"

"Yale yale, mama."

"Ndipo tulipoyapanda. Mimi na mama yako mdogo. Alipoolewa yeye, mimi nikiwa na mimba yako, tukapewa miche na mama mkwe, tukapanda wenyewe mpaka jioni."

Niliuweka mkasi chini. "Kwa hiyo ulikuwa unakumbuka."

"Nisikumbuke na nilichimba mimi?"

"Mama, wazee walikuuliza. Mbona hukusema?"

Aliusogeza mguu ndani ya maji, akatazama nje barabarani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa pikipiki na vumbi. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayemweleza fundi kwamba gauni limebana lakini ameshalilipia.

"Ningesema, mdogo wako angenileta huku. Nikasema ninyamaze, nife kwangu, yule mwenzangu nitamwomba radhi mbele ya Mungu. Siku ile garini nimemwomba, kanisamehe." Akanigusa bega, kidogo, na mkono wake mkavu. "Wewe ulisema kweli, wala sikulaumu. Banda ni lake. Lakini ungeningoja, mwanangu. Nilikuwa nimebakiza siku kidogo tu."

Nikamalizia kucha mbili zilizobaki, nikamfuta miguu, nikaenda kumwaga maji nje.